Namna ya kuihukumu albamu mpya ya kundi unalolipenda

Kundi lako likitoa albamu mpya, siku ya kwanza usiseme kitu. Najua ulimi unavyowasha. Najua na maskani kulivyo: hujakaa vizuri, mtu ameshakuuliza "eeh, vipi, wamefanya kazi?" na wote wamekugeukia, vikombe vya kahawa mkononi. Wajibu "bado nasikiliza", tafuna kashata yako, waache warudi kwenye mpira wao.

Mie kazi yangu ni kukodisha muziki wa maharusi. Spika, miksa, maiki, jenereta la umeme ukikatika, na waya wa kutosha kuizunguka Kikwajuni nzima, mtaa wangu hapa Unguja mjini. Msimu wa harusi usiku wangu wote unapita nyuma ya miksa, nachunga sauti isije ikapasuka bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Lakini nikibaki peke yangu nasikiliza roki, ile ya vikundi vya magitaa inayoitwa indie, na kundi langu ni Vampire Weekend la New York. Wanaonijua washazoea. Wasionijua huniuliza mtoto wa Kikwajuni na hayo wapi na wapi. Nitawajibu mbele kidogo, maana jibu lenyewe ndilo linaloitia hukumu yangu walakini, na hukumu yenye walakini inafaa itajwe walakini wake.

Mfano nitakaoutumia ni albamu yao ya tano, Only God Was Above Us, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024. Nyimbo 10, dakika 47. Kama kundi lako ni jengine, tia jina lake hapo. Kazi ni ile ile.

Acha siku zipite

Albamu hii ilitoka tumo kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Anayeijua Unguja anajua maana yake. Ramadhani muziki hapa unazimwa: hakuna harusi, hakuna rusha roho, spika zangu zinafunikwa mashuka na mie nakaa nasugua kutu kwenye vichwa vya waya. Usiku ambao wenzako wanautafuta Lailatul Kadiri, wewe huwezi kuwa umelala na magitaa masikioni. Nikaishusha albamu kwenye simu, nikaiacha pale pale. Jumatatu ya tarehe 8 wenyewe walikuwa Austin, Texas, wanapiga jukwaani na jua likapatwa mchana kweupe. Mie nimefunga, naangalia picha ya jalada tu. Mpaka Idi, Jumatano ya tarehe 10, dunia ilikuwa imeshamaliza kusema: huyu kasema hawajawahi kufanya kazi nzuri kama hii, yule kasema kelele tupu.

Ukaniuliza nimepungukiwa nini kwa kuchelewa? Sijapungukiwa na kitu. Ile hamu ya kuwa wa kwanza kusema ilikuwa imeshakufa yenyewe, na ikishakufa ndipo unapoweza kusikia. Ya kwako ikitoka mwezi mwengine, jiwekee mwenyewe wiki moja ya kunyamaza. Isikilize, lakini usiisemee. Na katika wiki hiyo usisome uchambuzi wa mtu. Wachambuzi wanajua kazi yao, na hapo ndipo penye hatari: mtu akishakwambia kwa maneno matamu kwamba wimbo fulani unasikitisha, utasikitika kabla haujaanza.

Kuna na suala la nyimbo za kutangulizia. Hawa waliachia "Capricorn" na "Gen-X Cops" mwezi wa Februari, karibu miezi miwili kabla. Albamu ilipofika hizo mbili zilikuwa zishanikaa kichwani, naziimba nikioga. Basi zikilia katikati ya nane usizozijua, zitakuvuta zaidi kwa sababu ya mazoea tu. Usizipe alama mpaka zile nane nazo uwe umezizoea. Mie "Capricorn" ilibaki pale pale ilipokuwa, juu. "Gen-X Cops" iliteremka, nitasema kwa nini.

Andika unachokitaka kabla hujasikiliza

Hili ndilo jambo ambalo mashabiki hawalifanyi, na lau wangelifanya nusu ya ugomvi wetu usingekuwapo. Kabla hujabonyeza, chukua karatasi uandike: natarajia nini kutoka kwa hawa watu? Andika ukweli, hakuna atakayeisoma. Ukimaliza, ikunje uitie mfukoni.

Ya kwangu ilikuwa na mambo matatu, na la kwanza linahitaji kisa.

Mjomba wangu mmoja, mkaazi wa majumba ya Michenzani, ni mtu wa muziki wa Kongo. Kwasa kwasa ilipoingia huku mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye alikuwa kijana, na mpaka leo ukilitaja jina la Kanda Bongo Man anainuka kitini. Nimekulia kwenye kanda zake. Sebene ndiyo muziki wa mwanzo niliouelewa: gitaa liko juu, jepesi, linazunguka halichoki. Sasa mgeni mmoja niliyemfungia mitambo kwenye hoteli ya Kiwengwa aliniachia flashi yenye albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, ya mwaka 2008. Ndani yake mna wimbo unaoitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Cape Cod ni pwani ya Massachusetts wanakokwenda Wamarekani wenye uwezo msimu wa joto. Kwasa kwasa wewe unaijua. Nikaipeleka kwa mjomba. Aliusikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kisha akasema: "Watoto hawa Kongo wameisikiliza, lakini besi wameisahau nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Basi cha kwanza kwenye karatasi yangu kilikuwa kile cha siku zote: nataka gitaa safi, la juu, linalozunguka. Cha pili, nataka iwe fupi, kwa sababu ile ya mwaka 2019, Father of the Bride, ilikuwa na nyimbo 18 na ilikaribia saa nzima, na mie saa nzima ya kundi lolote inanipa usingizi. Cha tatu, namtaka Rostam Batmanglij arudi. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga kinanda na gitaa na kutengeneza sauti za albamu tatu za mwanzo pamoja na wenzake, akajitoa mwaka 2016. Waliobaki ni Ezra Koenig anayeimba, Chris Baio wa besi, na Chris Tomson wa ngoma.

Ukishaisikiliza albamu mara kadhaa, itoe karatasi uiweke mbele yako. Kila lawama uliyonayo moyoni, itazame kama inatoka kwenye albamu au inatoka kwenye karatasi. Mie niligundua kwamba lawama yangu kubwa, "mbona gitaa safi hakuna?", ilikuwa ya karatasi. Gitaa safi lipo, limo kwenye "Pravda", na ni tamu hasa. Kwenye nyimbo nyengine wameamua kuweka uchafu, yaani sauti ya kukwaruza. Wametaka hivyo. Kama uchafu huo wameufanya vizuri au vibaya, hilo ndilo swali la haki, na linajibiwa na masikio. Rostam naye alikuwa ameshika sehemu katika utunzi wa "The Surfer", wimbo mmoja tu, na siwezi kuilaumu albamu kwa mtu aliyeondoka miaka minane nyuma kwa hiari yake.

Mara ya kwanza

Sikiliza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mpangilio waliouweka wenyewe. Usiruke. Baadhi ya programu za muziki, ukizitumia bila ya kulipa, zinakuchanganyia nyimbo na kukutilia matangazo katikati. Ukiisikia albamu namna hiyo bado hujaisikia. Tafuta bando, ishushe yote usiku, uwe nayo kwenye simu ili mtandao usije ukakukatia njiani.

Gari ya Nungwi kutoka mjini inakutosha albamu hii nzima na bado ukabaki na muda wa kuangalia miti. Kaa kiti cha nyuma. Mbele utagombana na redio ya dereva.

Na tia visikizio. Nasema hivi kwa sababu maalumu: "Ice Cream Piano", wimbo wa kufungulia, unaanza kwa tusi. Mwimbaji kalisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na nafsi yake, lakini tusi ni tusi. Mama yangu Kiingereza hakijui, ila neno lile duniani hakuna asiyelijua. Kwa hiyo ukumbini mbele ya wazee si pahala pake.

Mara ya kwanza usiandike maelezo. Tia alama tu kwenye simu: dakika ngapi, na kama ulifurahi au uliudhika. Hayo tu. Nywele zikisimama, tia alama. Ukijikuta unawaza bei ya pweza, tia alama vile vile, maana hapo wimbo umekupoteza.

Badilisha spika

Hapa nitakaa kidogo, ndiyo fani yangu.

Baada ya Idi maharusi yalifumuka, kama kawaida. Siku moja asubuhi nilikuwa uani najaribu spika mbili za inchi 15 zilizotoka kutengenezwa, na kijana ninayefanya naye kazi alikuwa pembeni anakunja waya. Nikaiweka "Classical". Lilipoingia lile gitaa la mwanzo, kijana alitupa waya, akaruka mpaka kwenye miksa, akateremsha geini, kile kitufe cha kupandishia sauti, mpaka sufuri.

"Kaka, spika inakufa!"

Nikamwambia haifi, ndivyo walivyorekodi. Akanitazama.

"Kwa makusudi?"

Kwa makusudi.

"Na wamelipwa?"

Simlaumu. Nimemfundisha mwenyewe kwamba ule mkwaruzo ukiusikia kwanza unapunguza, kisha ndiyo unauliza. Sauti ni mawimbi yenye vilele na mabonde. Ukiipa amplifaya mawimbi makubwa kuliko inavyoweza kubeba, vilele vinakatwa, vinakuwa bapa, na hapo palipokatwa ndipo unapotoka mlio wa kukwaruza. Ukiendelea, twita, kile kispika kidogo cha milio ya juu, inaungua, na twita ni pesa. Kwenye harusi hilo ni balaa. Studioni mkwaruzo huo ni chombo cha kazi: vilele vikikatwa kwa kipimo, sauti inanenepa, inaongezeka milio ya juu ambayo haikuwamo, na gitaa jembamba linajaa chumba. Aliyeichanganya albamu hii ni Dave Fridmann, mtu ambaye ngoma na magitaa yaliyosagwa ndiyo alama yake miaka yote. Kumchukua yeye ni kujua unachokitaka.

Sasa wewe usiye na miksa utajuaje kama mkwaruzo ni wa albamu au ni wa spika yako? Teremsha sauti mpaka nusu. Ukipungua ukaisha, kosa ni la spika, umeizidishia. Ukibaki pale pale, kwa udogo wake, basi umo ndani ya rikodi. Kipimo cha pili: isikilize sauti ya mwimbaji. Spika mbovu haichagui, inakwaruza kila kitu, na mtu anayeimba pia. Kwenye "Capricorn", pale katikati wimbi la kelele linapofunika piano na fidla, Koenig anasikika safi, kila herufi. Mtu amekaa akaamua kipi kichafuke na kipi kibaki. Nikishasikia hivyo nanyamaza, naheshimu.

Ndiyo sababu nasema usihukumu kwa spika ya simu. Simu haina besi. Albamu chafu ukiipigia kwenye simu unabaki na miluzi peke yake, halafu unakuja maskani kusema kelele. Isikilize kwa visikizio ili uipate sauti ya mtu na vitu vidogo vidogo vilivyofichwa pembeni. Kisha tafuta spika kubwa, hata kwa kuazima, uipate ngoma. Gari ya rafiki nayo nzuri, milango ikiwa imefungwa.

Spika kubwa ndiyo iliyonionesha mambo mawili. La kwanza, ngoma za "Connect". Nilijua nazijua, sijui za wapi, mpaka zilipotoka kwenye inchi 15 nikazitambua: ni mapigo yale yale ya "Mansard Roof", wimbo wa kwanza kabisa wa albamu yao ya kwanza. Wameyachukua ya mwaka 2008 wakayatia chini ya piano inayokimbia kama imefukuzwa. Kwa shabiki wa zamani hiyo ni salamu. La pili ni "Mary Boone". Ngoma zake ni za "Back to Life" ya Soul II Soul, kundi la London la mwishoni mwa miaka ya 1980. Madijei wetu waliokwishaota mvi wanazijua. Nilipoupiga wimbo ule, mmoja aliyekuja kuchukua maiki alianza kutikisa bega kabla hajajua ni nini. Kisha kwaya inaingia juu yake. Kwenye visikizio niliiona nzuri. Kwenye spika kubwa nilikaa chini.

"Gen-X Cops" ndiyo iliyoteremka. Lile gitaa la kuteleza linalolia mwanzoni, kwenye spika kubwa ni la raha, lina kasi, unataka kukimbia. Kwenye visikizio linatoboa. Wimbo unaonitaka nichague chombo ndiyo niupende, naupunguzia alama.

Picha na habari za nyuma

Soma kilichoandikwa kwenye jalada, angalia picha, lakini baada ya kuwa na maoni yako. Kwa albamu hii inafaa, kwa sababu jina limetoka kwenye picha. Ni picha ya Steven Siegel ya mwaka 1988, imepigwa New Jersey palipotupwa mabehewa ya zamani ya treni za chini ya ardhi za New York. Behewa limelala ubavu, na aliyemo ndani anasoma gazeti la Daily News. Maneno makubwa ya ukurasa wa mbele ndiyo yaliyofanywa jina la albamu. Yalihusu ndege ya Aloha Airlines ambayo tarehe 28 Aprili 1988 ilipasuka paa ikiwa angani Hawaii, abiria wamekaa vitini na juu yao hakuna bati. Ikatua. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa.

Nilipolijua hilo, albamu ilikaa sawa zaidi: New York kuukuu, mabehewa ya chuma, kutu, redio inayokwaruza. Ule uchafu wa sauti ukapata nyumba ya kukaa. Lakini angalia: hata kabla ya kujua, ulikuwa umeshanipendeza. Kama wimbo haukukugusa mpaka ukasomewa maelezo yake, usijilazimishe.

Sisi huku tuna ugonjwa wetu. Tumelelewa na mafumbo ya taarabu, na wimbo ukitoka tu swali la kwanza ni "kapigwa nani hapa?" Mashabiki wa kundi hili nao wako hivyo hivyo, wanakesha wanatafuta wimbo huu unamsema nani. Mary Boone ni mtu kweli, mfanyabiashara wa sanaa wa New York aliyevuma miaka ya 1980. Ukijua hivyo inatosha, endelea kusikiliza. Mwaka mzima wa kuchimbua fumbo hautokuongezea ngoma hata moja.

Ungeinuka wapi kutunza?

Kipimo changu cha mwisho nimekipata nyuma ya miksa. Kwenye taarabu nawaona watu wote kutoka pale nilipo. Wimbo unaweza kuwa mrefu, watu wamekaa, wanapepea, wanazungumza. Kisha linafika shairi moja na mama mmoja anainuka, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji. Hainuki ovyo. Anainuka pale. Ukimuuliza wimbo gani mzuri hakwambii "yote mazuri". Anakutajia beti.

Ifanyie hivyo albamu. Usiniambie nzuri au mbaya. Nioneshe ungeinuka wapi.

Mie ningeinuka kwenye "Mary Boone", kwaya na ngoma zinapokutana. Ningeinuka "Connect", piano inapoanza kumwagika. Ningeinuka kwenye "Ice Cream Piano" pale wimbo unapoacha kunong'ona ukaanza mbio. Kwenye "Prep-School Gangsters" ningebaki kitini. Wimbo haujakosea kitu, unapita tu, na nikiwa sina haraka nautumia kwenda kuangalia chai jikoni.

Halafu kuna "Hope", wa mwisho, karibu dakika nane. Huu ndio unaogombanisha watu. Wengi wanasema mrefu. Hapo naona wenzetu hawakukulia Zanzibar. Mtu aliyekaa kwenye onesho la Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, akasubiri bashraf imalizike ala tupu kabla mwimbaji hajasogea kwenye maiki, mtu ambaye bibi yake alikuwa akimsikiliza Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, redioni mpaka chakula kinapoa, haogopi dakika nane. Urefu si tatizo. Ninachouliza ni: wimbo mrefu unanipa nini njiani? Taarabu inakupa majibizano. Mwimbaji anatoa, fidla zinajibu, ganuni inaongeza lake, kila mzunguko una ladha yake. "Hope" inakupa kitu chengine. Piano inazunguka pale pale, anayeimba anaomba mtu ayaachilie yaliyopita, anarudia, anarudia, na kila akirudia chombo kimoja kinaongezeka, mpaka mwisho vyote vimelundikana na vinakwaruza pamoja. Mwanzoni nilitamani majibizano. Baadaye nikaona kwamba mwenyewe hasubiri jibu. Sasa nauacha ulie mpaka mwisho, isipokuwa nikiwa na mteja.

Kuitoa hukumu

Siku ya kusema imefika. Nenda maskani. Hapa mjini pazuri ni pale watu walipozoea kubishana kwa adabu. Jaws Corner wanajua kubishana, ila wamejaa siasa na mpira, utapata nafasi yako wakati wa matangazo.

Taja kwanza upande wako. "Mie ni mtu wa kundi hili tangu flashi ya Kiwengwa, na nimeingilia mlango wa sebene." Hivyo anayekusikiliza anajua akupunguzie wapi. Kisha taja wimbo, taja na pahala ndani ya wimbo. Usilinganishe na albamu iliyokukuta ukiwa na miaka kumi na tisa na huna deni. Hiyo hakuna albamu itakayoishinda. Linganisha kazi kwa kazi. Mie nasema hii ni ya pili kwa ubora katika tano zao, nyuma ya Modern Vampires of the City ya mwaka 2013, na iko juu ya ile ya 2019 kwa sababu wamejua kukata. Nyimbo 10 na moja tu ya kwendea jikoni ni hesabu nzuri.

Neno "wamekwisha" liache. Yuko mwenzetu mmoja kila albamu ikitoka anasema wamekwisha, na tangu anaanza kusema wameshatoa tatu.

"Wewe umeisikiliza kwa chombo gani?" nilimuuliza safari hii.

"Kwa simu."

"Visikizio?"

"Vimeharibika upande mmoja."

Nikamnunulia kahawa. Mtu kama huyo unabishana naye nini? Unamwazima visikizio, unampa wiki.

Na wale wasiosikiliza roki kabisa, mama, mke, mteja aliyekuja kulipa, usiwape albamu nzima. Wape wimbo mmoja, na chagua kwa kuangalia mtu. Mjomba nilimpa "Pravda", kwa ajili ya gitaa. Yule dijei mkubwa nilimpa "Mary Boone". Mama sijampa kitu, nimeshaeleza.

Hukumu yako iandike na tarehe, kisha irudie baada ya miezi kadhaa, msimu mwengine, spika nyengine. Ikibadilika sema imebadilika. Yangu kuhusu "The Surfer" ilipanda sana: mwanzo niliuona mzito, unajikokota, mpaka siku moja nilipousikia saa tisa usiku tunafungasha vyombo, ukumbi mtupu, sote tumechoka, nikaona kumbe ule ndio mwendo wake.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Ukimtilia mtu albamu kwenye flashi ili asikilizie garini, yape mafaili namba mbele ya majina, na uanze na 01, sio 1. Redio nyingi za gari zinapanga kwa tarakimu ya mwanzo, kwa hiyo baada ya 1 zinapiga 10, ndiyo zinarudi kwenye 2. Mwenzio atatoka kwenye "Ice Cream Piano" moja kwa moja aingie dakika nane za "Hope", hata "Classical" hajaisikia, na akifika Mkokotoni atakupigia simu kukwambia kundi lako linachosha.